Vidonge Nilivyovilipa Baada ya Idi

Mikumi, 8 Aprili 2025

Kaka Nassir,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, funga mlango. Nakuomba neno lolote la humu lisimfikie mama wala mtu mwingine. Ukimaliza, ichome barua hii. Hamjambo huko?

Ofisini wakijua karani wao wa masjala anatumia dawa ya sonona, mkataba wangu hautaongezwa. Wewe unauza dawa, utanijibu.

Daktari aliniandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Ramadhani nikafunga, nikaviacha vyote. Kichwa kikawa kinashtuka kama nimegusa waya wa umeme. Baada ya Idi, nilipoanza kulipa siku zangu za funga, nikaona nilipe na vidonge: vitatu kila jioni. Sasa mikono inatetemeka, jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio. Hivi dawa ya kutuliza inawezaje kumnyima mtu utulivu? Na bado sijafika nusu. Niendelee?

Mdogo wako,
Yusrah

Kilosa, 9 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, anauliza mbona kimya. Nilikupigia, akapokea mwanaume, nikakata. Barua hii anakuletea kondakta wa basi la asubuhi.

Mtu wa kwanza kulipa kadha ya vidonge ni wewe! Funga inalipwa, Yusrah. Kidonge kilichopita kimepita, hakimdai mtu. Ungeniuliza mapema, ningekuambia kimoja baada ya futari kingetosha. Kuacha ghafla ndiko kulikoleta mishtuko. Na dawa hiyo ikizidi, mishipa ya fahamu huchachamaa. Mtu huweza kupata homa kali, degedege, hata kufa.

Usimeze kingine. Nenda hospitali sasa hivi na pakiti mkononi. Je, kuna dawa nyingine umechanganya? Usiwafiche.

Kaka yako,
Nassir

Mikumi, 10 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimelazwa. Homa iliyonipanda imeshuka, mikono bado. Samahani kwa mwandiko.

Kulwa wa ofisini ndiye aliyepokea simu yako, na ndiye aliyenileta kwa pikipiki. Nesi akaitazama pakiti, akauliza kama wewe: kuna dawa nyingine? Ipo. Kichwa kiliponiuma, Kulwa alinipa tramadoli, vidonge vyake vya maumivu ya mguu. Naye amesimama pale pale. Nikamtazama yeye kwanza. Nesi akasema, “Dada, dawa hii ikikutana na nyingine mwilini inaweza kuwa hatari. Sema.” Nikasema yote.

Kulwa akakodoa macho. “Mimi ndiye niliyekupa!” Kisha, polepole: “Sasa hiyo ya sonona inafanyaje kazi?” Hata mimi nataka kujua, kaka. Uje utueleze.

Ukishuka stendi, usiende nyumbani kwangu. Uliza wodi ya wanawake, kitanda cha tatu. Simu yangu imeisha chaji. Piga ya Kulwa, namba iko nyuma ya bahasha. Mama akitaka kuja, mlete.

Mdogo wako,
Yusrah