Alama za bunduki ya Bwana Mapema

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia bunduki ikiwa magotini, unisaidie, maana nimechoka kuwaza. Mama yangu ni mtu wa hapa Kasongo, baba yangu Mzungu wa machimbo ya dhahabu ya Salamabila, watu walimwita Bwana Mapema kwa kuwa aliwaamsha wafanyakazi kabla ya jua, jina lake la kweli silijui, mwaka 1929 alienda likizo Ulaya mimi nikiwa tumboni, akaacha bunduki yake ya kuwindia akisema ataifuata, na hakurudi. Nimepaka chuma unga wa muhogo mpaka maandishi yakasomeka, jina la kiwanda cha Lieji, mji wa Ubelgiji, namba 4417, na yai lenye taji, ndani yake E L G na nyota, nikaamini hizo herufi ni jina lake, nikaandikia kiwanda, wakajibu kwamba waliiuza mwaka 1926 kwa duka moja la Anvers, hukohuko Ubelgiji, basi. Sasa nataka kuandikia duka, lakini mume wangu Lukumani anasema, "Hii bunduki haina kibali, watatufunga, tuipeleke kwa Administrateur wa serikali," na mama kila nikiitoa anainuka kwenda kutwanga majani ya muhogo ya sombe, juzi alisema tu, "Unga iko ya kula, mwanangu," nami sijathubutu kumuuliza kitu. Natamani kumwona huyo mtu hata kwenye picha. Nifanye nini?

Amisa, Kasongo, 1954

Amisa mwanangu, pole. Kukua bila baba kunauma, sitakudanganya. Ila zile herufi ziondoe moyoni. Fundi niliyemuuliza anasema kila bunduki iliyojaribiwa Lieji hupigwa alama hiyo, ziko maelfu. Duka liandikie ukitaka, lakini usikae ukihesabu siku za posta. Na huyo Bwana Mapema njia ya Kasongo aliijua vizuri. Hilo nalo ulimeze.

Kinachonikasirisha ni kwamba umewauliza watu wa Lieji, na anayejua jinsi baba yako alivyocheka yuko jikoni kwako. Unafikiri anakimbilia kinu kwa sababu ya njaa? Labda jina la kwenye karatasi hata yeye halijui. Muulize mengine.

Lukumani hakukosea, sheria ni sheria. Nakili alama zote kwenye daftari leo. Lakini bunduki isitoke nyumbani kabla hujashika mchi, ukatwanga na mama yako, ukamwomba ruhusa. Hukuachiwa wewe, Amisa. Aliachiwa yeye, na yeye pia bado anamngoja.