Mke Anyeshewe, Mume Aombewe

Majimbo, Embu
6 Mei 2024

Mpendwa dada Kagwiria,

Kabla sijakusalimu, nakuomba: ukimaliza kusoma barua hii uichome, na usimwambie mtu neno hata moja, hata mama. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu niliyo nayo ni ya ofisi, na bosi wangu Mugendi huisoma. Hujambo lakini? Mwanao Marcella amepona kikohozi? Mimi ni mzima wa mwili; moyo ndio haujatulia.

Unajua kazi yangu. Filamu tunazotengeneza hapa ni za Kiembu, na mimi huandika maneno ya Kiswahili yanayopita chini ya picha. Juzi nilipewa moja ya semina ya ndoa, itakayoonyeshwa kanisani kule Manyatta. Dada, ni ninyi. Ni nyumba yenu, na hadithi ameitoa mume wako Ndambiri mwenyewe. Ila imegeuzwa. Humo mke ndiye anayemleta mwanamume nyumbani na kumwita binamu. Mwisho anaugua, anarukwa na akili, anafia mtaroni akinyeshewa, na mume anaisamehe maiti.

Mimi nilikaa kwenu nikisoma chuo! Nilimwona huyo "binamu" wa Ndambiri akija na vitenge vyake. Nilikuona ukimpakulia mukimo bila kujua unamlisha nani.

Na filamu zetu zote ziko hivyo. Mume akitoka nje ya ndoa, gitaa linapigwa na watu wanacheka. Anaombewa, anavaa suti, imekwisha. Mke akitoka, radi. Mvua yenyewe ni Mutugi, kijana wetu wa kazi, juu ya paa na mpira wa maji, nimemwona kwa macho yangu. Na yule mke ambaye hakukosa, anayebaki na mtoto akijiuliza alikosea wapi, huyo hakuna anayempiga picha.

Nilimwuliza Mugendi kwa upole, "Bosi, ndivyo ilivyokuwa kweli?"

Akacheka. "Gatwiri, watu wanataka funzo. Nani atatoka kwake kuja kuona mwanamume akilia?"

Ninachoogopa ni hiki: baba mkwe wako, mzee Njuki, ataketi mbele kabisa, na wiki inayofuata ndiye anayeongoza kikao cha wazee cha kuamua Marcella akae kwa nani. Wataingia kikaoni na mtaro ule machoni mwao. Nikisema kitu nitafukuzwa. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Gatwiri

Meru
10 Mei 2024

Mdogo wangu Gatwiri,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, kikohozi kimeisha, na viazi mwaka huu vimekubali. Barua yako sijaichoma, siku hizi tunapikia gesi. Nimeirarua.

Kwa hiyo nimekufa mtaroni. Walinivalisha nini? Nilicheka hadi mama akauliza kuna nini. Kisha nikaenda stoo nikalia kwa hasira. Miaka miwili tangu nimwache na kurudi kwa mama nimenyamaza ili mtoto asisikie baba yake akisemwa vibaya. Leo Ndambiri anachukua kimya changu na kukionyesha kanisani kana kwamba nimekiri!

Sitakuja. Nikikanyaga pale watasema nimekuja kutubu, na mchungaji atanipigisha magoti kabla sijafungua kinywa. Wewe nawe usijitie. Una kazi, ishike. Nitajitetea mwenyewe kikaoni.

Lakini jana Marcella aliniuliza kama aanze kukunja nguo zake.

Dada yako,
Kagwiria

Runyenjes
21 Mei 2024

Mpendwa dada,

Hamjambo nyote, na mama? Mimi ni mzima. Mzee Njuki alisema atakupigia simu. Kama bado, habari ndiyo hii.

Filamu ilionyeshwa. Kwenye mtaro akina mama walilia. Ndambiri akasimama kushuhudia, akasema, "Mimi nilisamehe." Makofi! Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea wenye ushuhuda kipaza sauti. Alipokirudisha kikawa kimya. Nikakigonga, nikakijaribu kama tunavyovijaribu sote: "Bwana asifiwe."

Ukumbi mzima ukajibu, "Amen!" Kisha wakatulia, wakanitazama.

Unajua kanisani kwetu. Ukishasema hivyo umeanza ushuhuda, na hakuna wa kukukatiza. Nilitaka kusema samahani, niketi. Nikamfikiria Marcella akikunja nguo.

"Naitwa Gatwiri," nikasema. "Nilikaa katika nyumba hiyo mliyoiona. Aliyeletwa akiitwa binamu alikuwa mwanamke. Aliyemleta ndiye huyu aliyesamehe sasa hivi."

Mugendi akapaza sauti, "Mtoeni huyo msichana!"

"Wacha amalize!" mama mmoja akamjibu kutoka nyuma. "Mbona huyo mwanaume hamkumtoa?"

Mzee Njuki hakunitazama. Alimgeukia mwanawe, taratibu kabisa. "Yule binamu wa upande wa mama yako, tuliyemchinjia mbuzi. Ni binti ya nani?"

"Baba, twende tukaongee nyumbani."

"Nimekuuliza hapa. Mbuzi ilikuwa yangu. Binti ya nani?"

Ndambiri akarudia tu, "Twende nyumbani, baba." Mzee akavaa kofia. "Marcella atakaa kwa mama yake. Hakuna kikao. Siku hiyo kila mtu akalime kwake." Akatoka, na wazee wenzake wakamfuata.

Usiniite jasiri. Mugendi alinifuta kazi papo hapo na kuchukua simu. Anasema filamu ataipeleka makanisa mengine jinsi ilivyo, na mvua yake. Hilo bado linanichoma, dada. Huko kwingine hakuna aliyekaa kwenu.

Sasa nisikilize. Namba ya zamani usiipige, atapokea yeye. Niko kwa Nelius, tuliyesoma naye chuo. Ukija kuniona, ukishuka Runyenjes usinitaje kwa watu wa boda, kuna jamaa zake Mugendi kati yao, naye ananitafuta kwa hasira. Uliza fundi wa nguo aliye karibu na kituo cha kupimia majani chai; ndiko kwa Nelius. Usiingie kwa mbele. Zunguka, bisha mlango wa nyuma na uongee Kimeru nijue ni wewe, nami nitafungua.

Mdogo wako,
Gatwiri