Shikamoo yenye harufu ya embe

Raya weee, nimekwisha! Mama yake Herman amenikuta navuta vepu. Mkwe wangu, na Jumamosi ndiyo wanaleta posa!

Tulikuwa saluni kwa Judica, hapa Katesh. Vepu yake, hii sigara ya umeme, tena ya ladha ya embe, inazunguka, kila mmoja anavuta. Mimi nilikataa, nakuapia.

Wakaanza: "Mwacheni, bado wa kijijini Dirma huyo. Akakamue ng'ombe."

Basi nikavuta. Nikavuta mpaka mashavu yakajaa!

Mlango ukafunguka, mama huyo! Sasa mkwe nisimsalimie? Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Moshi wote ukamwendea usoni. USONI, Raya!

"Marahaba. Nani kakufundisha?"

"Tulikuwa tunavuta wote, mama."

Wote wakaruka! Eti vepu hawajawahi hata kuiona!

Mama akavuta kiti, akakaa. "Haya, njooni mnisalimie mmoja mmoja. Karibu na pua yangu."

Nakwambia, shikamoo zote zilinukia embe! Agatha, mwenyekiti wa kwaya, ndiye aliyenukia kuliko wote!

Mama akanigeukia. "Wewe angalau umesema kweli. Posa tunaleta. Ila Jumamosi nikija, pumua kwanza ndipo unisalimie."