Tope la Bwawa Namba Saba

Maelezo ya Léonard Byamungu, miaka 54, kibarua, amefiwa na mke, anakaa Etobicoke. Yamechukuliwa kituo cha polisi, Etobicoke, Jumapili tarehe 14 Desemba 2025, saa nne asubuhi.

Urbanus amekufa. Alizama bwawani Ijumaa tarehe 12, saa mbili na robo asubuhi. Ni kaka wa marehemu mke wangu, Goretti. Nilikuwepo.

Kazi yetu ni kuchota tope. Mabwawa kumi na mawili ya mji, kila bwawa chupa yake yenye namba. Tunampelekea Dokta Parin, mama wa maabara ya chuo kikuu. Anatoa DNA ya vidudu vyote vya kwenye tope, kompyuta inasoma.

Mwezi wa kumi na moja baridi ilikuwa kali. Nikamwambia Urbanus, tope ni tope. Tukajaza chupa zote kumi na mbili kwenye bwawa namba moja, pale tunapoegesha gari. Wazo lilikuwa langu. Andika hivyo.

Jumatano tarehe 10, saa nane mchana, Dokta alituita. Amezaliwa Kampala, Kiswahili anaongea. Akatuonyesha picha kwenye kompyuta: uzi mdogo umejikunja. Anauita RNA.

"Herufi zake zinabadilika kila kidudu, lakini mkunjo ni ule ule," akasema. "Na upo mabwawa yote kumi na mawili! Kitu kikitunzwa hivyo, jueni kina kazi kubwa."

Akalia kwa furaha. Akatukatia keki. Urbanus hakula.

Alhamisi alienda peke yake, akachota namba mbili mpaka sita. Ijumaa saa moja na dakika arobaini akapiga honi kwangu.

"Shemeji, panda. Tukachote tope la kweli."

"Kompyuta imeshakula, imeshiba. Wewe umekuwa dokta lini?"

"Yule mama alilia, shemeji."

Nikapanda.

Namba saba barafu ilikuwa nyembamba. Nikabaki garini, hita inawaka. Hatua ya tatu ya Urbanus, barafu ikapasuka. Nilitambaa juu ya barafu na reki ya kuchotea tope. Nikapata glavu moja. Zimamoto walimtoa saa tatu kasorobo.

Jana nilimweleza Dokta yote. Akauliza, "Yamebaki mabwawa mangapi?" Nikasema sita. Mazishi ni lini, hakuuliza.

Niliyoyaona ni haya. Niliyoyafanya pia ni haya.

Sahihi: L. Byamungu

Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa Kiswahili, ameyakubali. Nilimuuliza kama ana la kuongeza. Akajibu: "Kesho narudi kazini. Naanza na namba saba."

Konstebo Raza