Kishikizo Ulichomtumia Kaka Yako

Kwa Marehemu Meitamei,
Olmotonyi,
Arusha.
8 Septemba, 2024

Mpendwa shemeji yangu Ezra,

Hujambo huko Texas? Na mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kazini, umepata nafuu? Esther na watoto hawajambo? Yeyo, mama yenu, huniuliza kila Jumapili kama wajukuu wake wa huko bado wanasikia Kiswahili, nami humjibu kwamba wanasikia, hata kama sina hakika.

Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Yeyo masikio yamekuwa mazito, na baridi ya mwezi wa saba ilimbana kifua mpaka tukaogopa, lakini sasa imemwachia, na loshoro lake la mahindi na maziwa ya mgando analimaliza lote. Maharage tumeshavuna. Mahindi ya shamba la juu yaliliwa na nyani karibu nusu, maana sasa hakuna wa kuwatisha.

Barua hii anakuletea Nalepo, binti wa mchungaji wetu, anayekuja huko kusoma. Nimemwomba akupe mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako. Sikutaka kuyaandika haya kwenye simu, kwa kuwa simu yangu hushikwa na kila mtu hapa nyumbani.

Mwezi wa saba uliniandikia ujumbe wa furaha. Ulisema mahakama ya huko imeifuta ile kanuni ya vishikizo vya mkono. Kwamba serikali ilitaka bastola iliyofungwa kishikizo ihesabiwe kuwa bunduki fupi na iandikishwe upya, watu wakaenda mahakamani, na sasa kanuni imeanguka. Ukamalizia kwamba umemkumbuka kaka yako, na kwamba tukitunze kile ulichomtumia, kiwe ukumbusho wa upendo wako. Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Nilijitwisha mahindi yangu nikarudi nyumbani bila kusaga.

Hatuna cha kutunza, shemeji. Kishikizo kilichukuliwa na polisi pamoja na bunduki. Tulikuambia kwamba Meitamei alikufa kwa presha. Hatukukudanganya, lakini hatukukuambia presha ile ilitoka wapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetukataza. Alisema, "Ezra asijue." Nimelitii neno lake miezi minne baada ya kumzika, na sasa limenishinda.

Unakumbuka kiharusi kilivyouacha mkono wake wa kushoto ukining'inia kama tawi lililovunjika. Kisha chui akaanza kushuka kutoka msituni. Alichukua ndama wawili na mbwa, na alfajiri moja kaka yako alimwona waziwazi kwenye ukingo wa boma akashindwa kuinyanyua bunduki. Alirudi ndani akakaa kitandani na viatu vyake. Siku ile ndiyo aliyokupigia simu, nawe ukamwambia kwamba huko kuna kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya askari aliyepoteza nguvu za mkono, kinafungwa kwa mkanda, mtu anashika silaha kwa mkono mmoja.

Kilipofika Krismasi ile, alikivaa kabla hata ya kula. Alikaa nacho mkononi kutwa nzima, akawaonyesha majirani, akasema, "Mdogo wangu hajanisahau." Tangu augue sikuwa nimemwona akicheka vile.

Lakini hakikuweza kukaa kwenye bunduki ndefu ya marisau. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa Lemara, ambaye jina lake silitaji hata hapa. Fundi akatoa kitako, akakata mtutu ukabaki mfupi ili usimwelemee, akafunga kishikizo. Fundi hakujua sheria. Sisi nasi tulijua kwamba bunduki ina leseni, basi. Meitamei aliitumia mara mbili tu, akipiga hewani. Chui hakurudi.

Mwaka jana likatoka tangazo la uhakiki wa silaha. Kila mwenye leseni apeleke silaha yake polisi ikaguliwe. Kaka yako alisita. Alisema, "Nkasiogi, hii si kama ilivyokuwa. Ngoja kwanza niulize." Mimi ndiye niliyemjibu, "Wewe ni mzee wa kanisa, una karatasi zako zote, unaogopa nini? Nenda ukamalize." Nikampigia pasi shati. Maneno hayo huyasikia kila ninaposhika pasi.

Aliingia kituoni kwa miguu yake mwenyewe, bunduki ameifunga kwenye shuka, na hakutoka. Askari hawakumtesa, nisiseme uongo. Mmoja alimpa kiti. Lakini walipoifungua ile shuka na kuuona mtutu, wakaitana. Alikaa mahabusu wiki tatu kabla ya dhamana, na mkono wake haukupata mazoezi hata siku moja. Alipotoka ulikuwa umekakamaa kabisa.

Kesi ilikwenda miezi minane. Tulikuwa tukilala kwa Naserian, binti yetu, kule Engutoto, ili asubuhi tuwahi mahakamani. Wakili wetu alikuwa mama mmoja aitwaye Evaresta, mtu wa huruma sana. Na ubishi wenyewe, shemeji, ulikuwa ule ule wenu. Mwendesha mashtaka alisema leseni ni ya bunduki ndefu, na kitu kilicho mezani kinafichika chini ya shuka kama bastola, kwa hiyo ni silaha nyingine, isiyo na leseni. Evaresta akasema namba iliyochongwa ni ile ile, na kishikizo si silaha bali ni mkongojo wa mkono, kama vile kiwete anavyokuwa na mkongojo wa mguu. Mtaalamu wa silaha aliletwa kutoka Dar es Salaam, akapima mtutu kwa futi kamba mbele yetu, mara ya kwanza, mara ya pili. Meitamei alikuwa akiitazama ile futi kama mtu anayepimiwa jeneza.

Siku yake ya kujitetea alishika Biblia akaapa. Hakimu akamuuliza ni nani aliyekata mtutu.

"Ni mimi," akasema.

"Kwa mkono upi, mzee?"

Watu wakacheka kidogo. Kaka yako akanyanyua mkono wa kulia. "Huu."

"Na hiki kishikizo ulikipata wapi?"

"Nilikinunua mnadani, kwa mtu nisiyemjua."

Hapo hakuna aliyecheka. Hakimu akaandika.

Nje Evaresta alimsihi karibu alie. Alimwambia, "Mzee, ukisema ukweli kwamba kuna fundi, na kwamba kifaa ulitumiwa na ndugu kwa sababu ya ugonjwa, hakimu atakuelewa vizuri zaidi." Meitamei akamjibu, "Fundi ana watoto wadogo. Na mdogo wangu karatasi zake za ukaazi hazijakamilika. Jina lake likiandikwa kwenye kesi ya silaha watamrudisha, na miaka yake kumi na minne ya kule itakuwa kazi bure." Hatukujua kama ni kweli wangekurudisha. Yeye hakutaka kujaribu.

Hukumu ilikuja mwezi wa pili. Hakimu alisema sheria haiangalii mkono wa mtu, inaangalia mtutu. Akamtia hatiani. Lakini kwa kuwa ni mgonjwa, na kwa kuwa aliileta silaha mwenyewe, akampa kifungo cha nje. Bunduki ikataifishwa iteketezwe, leseni ikafutwa. Mimi na Naserian tulikumbatiana. Tulidhani tumeokoka.

Jumapili iliyofuata alimwendea mchungaji akaurudisha uzee wa kanisa. Kuanzia hapo hakushiriki tena Meza ya Bwana. Alikuwa akikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na wengine wakienda mbele yeye anatazama miguu yake. Mchungaji alikuja nyumbani, akamwambia Mungu anajua moyo wake, atubu tu aendelee. Kaka yako akasema, "Mchungaji, nitatubuje kitu ambacho hata kesho ningekirudia? Nilishika Neno nikadanganya. Na wakiniita tena, nitadanganya tena." Mchungaji akamaliza chai yake, akaaga.

Basi akapungua. Ng'ombe akawaacha, redio akaiacha. Tarehe kumi na tatu mwezi wa tano, mvua ikinyesha, niliingia na uji nikamkuta ameanguka kati ya kitanda na ukuta. Tulimfikisha hospitali akiwa hai, lakini hakusema neno tena. Alikufa bila kushiriki. Hilo ndilo linalonila, Ezra, kuliko kifo chenyewe. Mchungaji ananiambia nisiogope, nami sijui nisiogopeje.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya maziko ulipiga simu ya video, ukitaka uone kaka yako akishushwa. Naserian alikuwa ameishika simu, akanipa mimi ili akamshike Yeyo. Nilikuona uko kwenye gari, umevaa suti, unalia. Nami moyoni nikasema: huyu ndiye aliyeniulia mume. Ni kitu chake, na ni jina lake lililofichwa. Jeneza lilipoanza kushuka simu ikakatika. Baadaye uliniambia kwa unyonge kwamba mtandao wa Olmotonyi haufai mvua inaponyesha, nami nikaitikia.

Haukuwa mtandao, shemeji. Nilikata kwa kidole changu. Kisha nikaizima, ukapiga na kupiga, mpaka udongo ukajaa.

Nilikunyima kitu ambacho hakirudi. Wewe ulituma kile kifaa kwa upendo, na mimi ndiye niliyempeleka kituoni, nikamnyooshea na shati. Kama kuna kosa tunagawana, na fungu langu si dogo. Lakini yeye alikuchagua wewe mbele ya Biblia, akajua anachofanya, na sina haki ya kumchukia mtu ambaye mume wangu alimpenda kiasi hicho. Nisamehe. Ukishindwa, nitaelewa, ila usiache kumpigia Yeyo.

Naserian na mumewe wanakusalimu, na mwanangu Yoeli pia. Yeyo anakubariki kwa mikono yote miwili, anasema Engai, Mungu wetu, akuwekee kivuli popote ulalapo. Yeye hajui lolote kuhusu kesi. Alidhani tunakwenda Engutoto kwa ajili ya tiba. Msalimu sana Esther, na umwambie mwenyewe ukiona vema.

Karatasi zako zikikamilika, njoo. Nitakupeleka kaburini mimi mwenyewe, na nitakuacha hapo muda wote utakaoutaka.

Ni mimi shemeji yako, ambaye licha ya yote anakupenda,
Nkasiogi