Bunduki Yenye Jina la Baba

Corbin Creek, Idaho
9 Mei 1993

Kwako Maren, binti yangu,

Habari za Duluth, na hao wagonjwa wako wanakuacha ulale? Mimi nipo. Goti linauma, sikio la kushoto limekufa kabisa, lakini ninakula. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu kwangu siku hizi ni mlio wa nyuki tu, nami nachoka kusema "eti?" kila mara kama bwege.

Jana nilipata mgeni. Bwana Whitcomb, ametumwa na kiwanda kimoja cha bunduki huko mashariki, kavaa viatu ambavyo havijawahi kukanyaga samadi tangu vizaliwe. Akaingia, akajiketisha kwenye kiti cha marehemu mama yako bila kuuliza. Anasema wanataka kutengeneza bunduki ya ukumbusho wangu. Bunduki ya kuwindia, zitakuwa mia tatu tu, kitako cha mbao nzuri, na ubavuni maandishi ya dhahabu: Ansel Brekke, Mwindaji Mkweli. Chini yake mchongaji amchore Gus, yule mbwa wangu wa kuwindia. Akanitolea mchoro. Maren, wamechora mbwa wa kitajiri, masikio yote mawili yamesimama! Nikamwambia Gus alikuwa koko, na sikio moja lilinyofolewa na mbwa wa jirani yangu Dewey. Akacheka, akasema wanunuzi hawatajua.

Nikamuuliza, ukumbusho si wa marehemu? Akanijibu, "Mzee, tumeona tukuenzi ungali hai." Nikamwambia asante kwa kuniwahi.

Sitaki, mwanangu. Nimeandika safu kwenye lile jarida la wawindaji kila mwezi kwa miaka arobaini, inatosha. Tangu tumzike mama yako sijapanda mlima. Jicho la kulia lina ukungu. Nimechoka tu, sina maelezo mengine. Nimemwambia nitafikiri, ili anyanyuke kwenye kile kiti.

Ni mimi, baba yako.


Duluth, Minnesota
23 Mei 1993

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, isipokuwa miguu, maana wodi yetu wauguzi wawili wameacha kazi na zamu zao tumebebeshwa sisi. Pole na goti. Ile dawa ya kupaka niliyokutumia umeipaka au umempa Dewey apake farasi wake?

Baba na wewe! Watu wanakuletea heshima mpaka mlangoni, wewe unawachunguza viatu? Ngoja nikuambie kitu. Wiki iliyopita nilikuwa na mgonjwa, mzee kavunjika nyonga. Akasoma jina langu kifuani, akaniuliza kama nina undugu na Brekke wa jaridani. Nilipomwambia ni baba yangu mzazi, akalia, Baba, mtu mzima yule. Anasema watoto wake aliwafundisha kuwinda kwa kuwasomea safu zako mezani. Ile uliyosema kwamba mtu akimjeruhi mnyama akampoteza, basi msimu wake umekwisha, akate kibali chake cha kuwinda, kama mtu aliyekwisha kupata mnyama wake, na arudi nyumbani, anasema ameibandika jikoni na hakuna mtoto wake aliyewahi kuivunja.

Sasa wewe unaniambia umechoka. Umechoka kwa sababu unakaa ndani unatazama ukuta. Mama angekuwepo huyo Whitcomb angeshalishwa pai akapewa na ya kubeba. Kubali. Kama si kwa ajili yako, basi kwa ajili yangu. Julai nikija tutazungumza vizuri.

Mwanao,
Maren.


Corbin Creek
30 Agosti 1993

Maren mwanangu,

Marahaba, na pole na kazi. Julai imepita, najua ni hizo zamu, usijieleze. Nilikuwa nimekununulia mahindi mabichi, tukala mimi na Dewey.

Nimekubali. Nimetia saini, nawe sasa ufurahi. Bunduki ya kwanza wameshaileta niijaribu. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Naiona haya, lakini ni nzuri. Yule mbwa wa kitajiri yupo chini, masikio mawili.

Ila kuna jambo hawakulisema mwanzoni. Wanataka Oktoba nipande mlimani nayo, na mpiga picha nyuma, nipige dume la elki, hawa kulungu wakubwa wa huku kwetu. Picha hiyo ndiyo itakayokuwa mbele ya katalogi yao. Nimemweleza Whitcomb kuhusu jicho. Daktari anasema hawezi kulipasua kabla ya Januari. Whitcomb akanipiga bega, "Tutakusogeza karibu, mzee, Dewey si atakuongoza?" Kana kwamba elki ni ng'ombe wa kufungiwa kamba.

Nakuambia wewe peke yako: naogopa. Si kufa. Naogopa kupiga vibaya. Nikilenga kwenye ule ubao wa mazoezi, mara mbili naona duara moja, mara ya tatu naona mawili.

Niambie nisiende, Maren. Ukiniambia hivyo nitamwandikia leo hii, aende akatafute mzee mwingine.

Baba yako.


Duluth
19 Septemba 1993

Baba, shikamoo.

Naandika nimesimama, kahawa mkono mmoja, nisamehe mwandiko. Wazima wote.

Nenda bwana! Wewe kila mwaka kabla ya msimu ulikuwa unasema hivyohivyo, Mama alikuwa anakucheka. Dewey yupo, hewa ya juu itakuchangamsha, siku chache tu mambo yamekwisha. Nunua soksi nzito. Sikukuu ya Shukrani nitakuja tukalale tu na kula.

Mwanao,
Maren.


Corbin Creek
24 Oktoba 1993

Maren,

U hali gani? Mimi mwili upo.

Tulipanda Jumatatu. Theluji kidogo, upepo mzuri, Dewey akiongoza, Whitcomb na mpiga picha wake wakihema nyuma kama mvukuto. Siku ya pili jioni Dewey akanigusa mkono. Madume mawili ng'ambo ya korongo, mbali kuliko ninavyopiga. Nikatikisa kichwa. Whitcomb akanong'ona kwenye sikio langu zima, "Piga, mzee, mwanga unaondoka." Kwenye darubini niliona ukungu wenye pembe. Ningeweza kuishusha ile bunduki. Mikono yangu ni yangu mwenyewe, hakuna aliyeishika. Nikapiga.

Alijikunja, akaingia msituni. Tulikuta damu nyeusi, ya ini, na manyoya kidogo. Unajua maana yake: anakufa, lakini polepole, na atakwenda. Tulifuata kwa tochi mpaka theluji ikaanguka ikafuta kila kitu. Nililala na viatu miguuni.

Asubuhi nikatoa kisu, nikakikata kibali changu mbele yao. Whitcomb akaja juu. "Mzee, unafanya nini? Sheria haisemi hivyo!" Nikamwambia kweli, sheria haisemi, ninayesema ni mimi, na mmeninunua kwa sababu hiyo. Akakaa kwenye gogo akashika kichwa. Nilimhurumia, nadhani na yeye ana bosi.

Sasa sikia sehemu mbaya. Alfajiri ileile Dewey alikuwa amepiga dume lake, kwa kibali chake, nyama ya familia yake ya msimu wa baridi. Dume zuri. Whitcomb akalitazama, akanitazama. Akasema, "Piga magoti tu pale, mzee, weka bunduki kwenye pembe. Hatutaandika ni la nani." Nilikuwa na baridi. Goti lilikuwa linawaka. Nilitaka wote waondoke machoni pangu, na njia fupi ilikuwa ile. Nikapiga magoti, Maren. Nilitabasamu hata. Dewey alikuwa anatazama buti zake.

Nimerudi kule juu kila siku tangu waondoke, namtafuta yule wangu.

Baba.


Duluth
2 Novemba 1993

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni kazini, nikashindwa kutoka. Nisamehe. Ulinisihi nikuambie usiende na mimi nikakuambia habari za soksi. Sijui nilikuwa nasoma nini. Nilikuwa nasoma huku nafikiria zamu ya jioni, ndiyo ukweli.

Lakini acha kupanda huko peke yako, nakuomba. Nimempigia Dewey, anasema unatoka kabla hajaamka na unarudi giza. Baba, una miaka sabini na minane! Waandikie kiwandani wasiitumie hiyo picha. Wataelewa, ni watu.

Sikukuu ya Shukrani wamenipanga kazini. Nimegombana nao, haikusaidia.

Mwanao, Maren.


Corbin Creek
28 Novemba 1993

Maren mwanangu,

Habari za sikukuu? Mimi na Dewey tulikula maharage na mkate wa mahindi, hakuna aliyelalamika.

Nimempata. Kunguru ndio walionionyesha. Alikuwa chini ya mti ulioanguka, hata si mbali na pale tulipogeukia usiku ule. Dubu alishamfikia, hakuna nyama iliyobaki ya kumfaa mtu. Nimekaa naye kidogo. Yale meno mawili ambayo wawindaji wa huku tunayang'oa kuwa kumbukumbu nimemwachia mwenyewe.

Niliwaandikia kiwandani kuhusu picha kama ulivyosema, wamejibu. Wanasikitika sana, katalogi imeshachapwa. Whitcomb ameongeza kwa mkono wake kwamba picha imependeza na simu hazikatiki. Wameniletea na mzigo wa vyeti, kimoja kwa kila bunduki. Nitie saini, na chini ya saini kuna nafasi niandike neno fupi la heri kwa mnunuzi.

Vipo mezani. Jana nilikaa navyo mchana wote sikuweza kuandika hata kimoja. Kila nikishika kalamu namwona dume wa Dewey, na mimi pembeni nimekenua meno, na juu yangu wameandika Mkweli. Huyo mzee wako wa nyonga ataibandika picha hiyo jikoni, Maren. Karibu na ile safu yangu.

Sijui nifanye nini. Nimechoka hadi mifupa.

Baba yako.


Duluth
12 Desemba 1993

Baba, shikamoo, na pole kwa yote.

Nimefikiri sana, nawe usinikasirikie. Tia saini, warudishie, yaishe. Waliokuwepo pale mlimani ni watu wanne tu, na hakuna atakayesema. Umewaandikia watu ukweli kwa miaka arobaini, picha moja haiwezi kuyafuta yote hayo. Hujamwibia mtu. Ninataka upumzike ndani, upasuliwe jicho Januari, uache kujitesa. Nami nimechoka, Baba. Nimechoka kukuwazia.

Krismasi sitaweza, ila Januari nitajaribu nije kwa ajili ya jicho.

Mwanao anayekupenda,
Maren.


Corbin Creek
17 Aprili 1994

Kwako Maren,

Salamu nyingi. Nimekaa kimya muda mrefu, najua. Wewe pia Januari hukufika wala hukuandika, basi tuko sawa, tusidaiane.

Jicho halikwenda vizuri. Liliingia uchafu baada ya kupasuliwa, sasa lile moja ni taa iliyozimwa na la pili linalegalega. Barua hii naiandika kwa herufi kubwa kama mtoto, unaona mwenyewe. Sikukuambia kwa sababu ungeanza kulia na mimi ningeanza kukutuliza, na sikuwa na nguvu hizo.

Vyeti niliviandika kabla ya kwenda hospitali. Sikufuata ulivyosema. Kila kimoja nilitia saini, na kwenye nafasi ya neno la heri niliandika: "Dume aliye kwenye picha si wangu. Alipigwa na Dewey Rasch. Wangu nilimpiga vibaya, kwa kuwa sikuona vizuri na sikuthubutu kukataa. Aliozea msituni. Bunduki hii ni nzuri, itunze." Vyote mia tatu, kwa mkono huuhuu. Ilinichukua hadi mwaka mpya. Vingine mwandiko umepinda, nilikuwa nasinzia. Nikavifunga nikawatumia. Inaelekea wanaofunga masanduku hawasomi.

Machi Whitcomb akapiga simu. Hata mimi kiziwi nilimsikia. "Mzee, umeniua! Unajua umenifanya nini? Bunduki zote zimeshatoka!" Nikamwambia pole, na nilimaanisha. Nikangoja matusi ya wanunuzi. Nilijua watazirudisha zote, wakwangue na jina.

Mmoja alirudisha yake. Wawili walinitukana, mmoja vizuri sana, ana kipaji. Halafu zikaanza kuja barua za namna nyingine. Ya kwanza ilitoka Nebraska, kwa mkulima. Anasema alifungua sanduku mbele ya wakwe zake, akasoma cheti, akatoka nje. Vuli ya mwaka 1961 alimjeruhi dume jioni, akaona uvivu kumfuata, akaenda kula. Hajawahi kumwambia mtu, hata mkewe. Ananiuliza kama yule wangu aliteseka sana. Maren, nimjibu nini? Tangu hapo zinakuja tu. Mwingine si habari ya mnyama hata kidogo, ni habari ya ndugu yake. Sijui kwa nini wananiambia mimi.

Dewey ndiye ananisomea, lakini anasoma kama mtu anayehesabu misumari, na akifika pabaya anakohoa, anaruka mistari. Tena hawa watu hawakumwandikia Dewey. Zimejaa meza nzima, ninakunywa kahawa yangu ukingoni. Zaidi ya nusu hazijafunguliwa. Siwezi kuzichoma na siwezi kuzisoma.

Sikuombi ushauri, mwanangu. Njoo unisomee.

Baba yako.


Duluth
24 Aprili 1994

Baba, shikamoo.

Jicho! Na wewe ukakaa nalo kimya miezi mitatu, na binti yako muuguzi! Nimelia, ndiyo, na hukuwa na haja ya kunituliza, nimejituliza mwenyewe.

Nilisema nenda, nikasema tia saini. Mara zote mbili nilikuwa nataka tu usiwe mzigo kwangu, nikaliita hilo upendo. Naliandika hapa ili nisiweze kulikana nikifika.

Leo nimeomba ruhusa, wamenikatalia. Nimeacha sare yangu juu ya meza ya msimamizi, nimetoka. Gari lina mafuta. Huyo wa Nebraska usimjibu bado, tutamjibu wote wawili. Mwambie Dewey aache kufungua barua.

Na wewe usiniandikie tena. Barua yako haitanikuta hapa.

Mwanao,
Maren.