Sahani ya Mwisho ya Baba

Kindu, 14 Novemba 2002

Mdogo wangu Gédéon,

Salamu nyingi. Mimi na watoto tu wazima; nakuombea uzima huko Kampene kwenye mashimo ya dhahabu.

"Muntu wa miaka makumi ine na sita hafi na moyo. Iko mukono ya muntu." Hivyo alisema baba mdogo Kanyinda jana mbele ya watu wote wa matangani. Namjibu mimi. Baba yetu amefariki Jumatatu. Alishika kifua, akalowa jasho, akalalamika mkono wa kushoto, akaanguka. Wao wakauliza swali moja tu, lile la ukoo wetu: nani alimpa chakula cha mwisho? Mama, na wali wa Kibombo. Basi, kesi imekwisha! Sahani ile tulikula watano, na mimi nilikwangua sufuria. Mbona sijafa?

Wamemwambia mama akiri ndipo abaki. Amejibu, "Sikupika kifo, sitakikiri." Wamemrudisha kwao Lokandu na nguo alizovaa. Baba alikuwa mtu wa reli kutoka Kasai, mama ni wa mtoni hapa, si wa kabila lao. Unaelewa kwa nini ilikuwa rahisi.

Treni haitembei tangu vita, barua hii inakuja na msukuma baiskeli. Wewe ndiye mwana wa kiume. Njoo useme mbele ya ukoo.

Dada yako,
Odile

Kampene, 2 Desemba 2002

Dada,

Mimi mzima. Pole kwa msiba. Baba mdogo naye ameniandikia. Mtu aliyebeba mataruma ya reli begani, moyo wake ungechokaje? Siji. Mama msalimie. Hapana, usimsalimie.

Mdogo wako,
Gédéon

Johannesburg, 9 Machi 2024

Dada Odile,

Nakusalimu kwa heshima, kama salamu yangu bado ina nafasi kwako. Watoto hawajambo? Mama yu hai?

Nina miaka arobaini, sivuti, nacheza mpira kila Jumapili. Lakini mwenzangu kazini, mwenye miaka thelathini na saba, alianguka akafa. Nikaogopa, nikaenda kwa daktari. Akaniuliza baba alikufaje. Nilifungua kinywa niseme "alilishwa sumu", nikaona haya.

Wakanilaza kwenye mashine inayopiga picha ya moyo na kupima chokaa katika mishipa inayoulisha. Kwa umri wangu walitarajia sifuri. Yangu ni mia moja themanini na sita. Mafuta yameganda humo miaka mingi bila mimi kusikia chochote; tumeyarithi katika damu. Sasa nameza dawa kila siku.

Nikamweleza baba alivyoanguka, kama ulivyoniandikia. Akasema, "Siwezi kumpima marehemu. Lakini jasho lile, mkono ule wa kushoto, dalili hizo nazijua."

Dada, nifanye nini?

Mdogo wako,
Gédéon

Kindu, 30 Machi 2024

Gédéon,

Asante kwa salamu, nimezipokea. Nami nimekwenda kupima damu. Mafuta yangu yako juu, nimeanza dawa.

Mama yu hai. Anauza samaki wa kukausha, na kwa fedha ya samaki hao nilisoma hadi nikawa mwalimu. Mara tatu ukoo umemtumia wajumbe: akiri tu, asamehewe, arudi nyumbani kwake. Mara tatu amewarudisha, tena akiwafungia samaki wa njiani. Najivuna kuzaliwa na mwanamke yule!

Nilimsomea baba mdogo barua yako. Ati, "Mashine yenu haikumuona kaka yangu." Kweli, haikumuona. Na yeye aliona nini? Sahani! Kwa sahani alifukuza mke wa mtu. Sasa anasema mwanawe Mike ana miaka thelathini na tatu, ana nguvu za ng'ombe, apimwe nini? Ndio ujinga uleule. Kwa kijana hata sifuri ya mashine si kinga kamili, sembuse misuli.

Nakala ya barua hii nampa baba mdogo leo, kwa hiyo nasema nanyi wawili. Baba mdogo, mpeleke Mike hospitali wiki hii. Tansio, yaani shinikizo la damu, na mafuta vinapimwa hapahapa Kindu. Gédéon, panda ndege. Kisha mwende pamoja Lokandu, msimame mbele ya watu, mmwambie mama kwamba mlimsingizia. Na msimwombe chochote, hata msamaha.

Dada yako,
Odile